Zinki Tuliyoihesabu Mara Mbili

Upendo ndiye aliyeniomba niandike. Anasema vijana wapya wanaajiriwa pale ghalani, wanakuta mitungi na matofali ya risasi, wanafundishwa kubonyeza kompyuta, lakini hawajui kazi ilivyokuwa. Nikamwambia mimi niliishia darasa la saba, na mwandiko wangu ni wa kuandikia majina kwenye magunia. Akanijibu, "Mama Manka, andika kama unavyosema." Haya. Nitaandika kama ninavyosema. Anayetafuta habari za vyeo na mishahara atafute kwingine, maana cheo nilikuwa nacho kimoja tangu naingia mpaka nastaafu, na mshahara kila mtu anaujua wa kwake.

Siku ya kwanza nilipanda pale asubuhi na mundu mkononi, nikidhani kazi ni kufyeka. Mume wangu alikuwa ameshalala kihambani, shambani kwetu nyumbani, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na watoto wanne walikuwa wananitazama mimi. Ghala lile la Old Moshi lilikuwa la kahawa zamani, la mawe matupu, kuta nene kama za kanisa. Wakulima walikuwa wameliacha siku nyingi, wamebaki popo. Profesa Elirehema, mtoto wa kijiji hicho hicho aliyesoma mpaka akavuka bahari, alikuwa amerudi nyumbani akaliomba. Watu walishasema yao. Mtu akiomba ghala bovu halafu akalitia milango ya chuma, kijiji kitasema anaficha dhahabu, na kilisema.

Nilimkuta amekunja mikono ya shati, anafagia kinyesi cha popo yeye mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyeletwa na mchungaji?"

"Ndiye."

"Mgongo mzima?"

"Mgongo huu umelea watoto wanne na kubeba majani ya ng'ombe tangu sijaota meno ya ukubwani. Wewe nionyeshe kilipo cha kubebwa."

Akacheka, akanionyesha rundo la matofali ya madini ya risasi. Tofali moja ni dogo kama mkate, lakini uliinue uone. Siku ile na zilizofuata tulijenga nayo kijumba kisichozidi banda la kuku, katikati tukaacha tundu la kuweka kigunduzi, kile chombo ambacho sisi wenyewe tulikiita sikio. Nilipochoka kunyamaza nikauliza.

"Mwalimu, haya matofali yanazuia nini?"

"Yanazuia mlima."

Nikamwangalia. Nikasema moyoni, vitabu vimemzidi. Akaeleza kwamba mawe ya Kilimanjaro, udongo wake, hata hizo kuta, vyote vinatoa mionzi kidogo kidogo. Haitudhuru, tumezaliwa ndani yake. Lakini mle kwenye kijumba alitaka kusikia kitu hafifu sana, na mlima ungekizima kwa kelele.

"Na kwa nini ukachagua ghala la mawe ya mlima huo huo?"

"Kwa sababu ndilo walilonipa."

Tangu jibu lile nilimwamini. Mtu mwingine angenitungia sababu.

Sasa tulikuwa tunasikiliza nini? Hilo niliulizwa sokoni, kanisani, hata na wakwe zangu, na nilijifunza kulijibu kwa ufupi. Vitu vyote vizito duniani vilipikwa ndani ya nyota. Vyepesi mpaka kufikia chuma, nyota huviunganisha kwa moto wake wenyewe. Vizito kupita chuma, vingi huongezeka kwa kulishwa. Ndani ya nyota kuna punje ndogo mno zinaitwa nyutroni, na kiini cha madini humeza moja, kikatulia, kikameza nyingine. Profesa aliniambia nifikirie mtoto anayelishwa kwa kijiko: kuna mtoto anayemeza upesi na kuna anayetema. Kila madini ina tabia yake. Ukijua zinki inameza kwa wepesi gani, shaba kwa wepesi gani, na kadhalika, utajua kwa nini duniani kuna kiasi hiki cha hiki na kiasi kile cha kile. Kumeza kwenyewe hakuonekani. Lakini kiini kikishameza, mara nyingi hakikai kimya, hutoa mwonzi. Ndio tuliokuwa tunauhesabu. Mashine ya kulisha ilikuwa nje ya nchi. Wenzake Profesa walilisha kule, wakatuletea vipande kwa ndege, sisi tukasikiliza.

Mkwe wangu mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na hiyo inaleta mbolea?" Nikamwambia hapana. Hakuuliza tena.

Kazi yangu mimi ilikuwa naitrojeni, ile ya maji. Vijana mnaokuja, shikeni haya hata mkisahau mengine. Naitrojeni ya maji ni baridi kuliko barafu yoyote ya mlima huu. Usiimimine umevaa kandambili. Glavu ziwe za ngozi na ziwe pana, ili ikiingia ndani uzitupe mara moja. Mfuniko wa mtungi usiukaze, maana inachemka muda wote na itapasua chochote kinachoibana. Na mlango uwe wazi unapomimina, kwa sababu mvuke wake unasukuma hewa ya kuvuta, na mtu anaweza kuanguka hivi hivi bila kusikia harufu yoyote. Upendo alipokuja kwetu mara ya kwanza, ana udaktari wake wa fizikia na kucha ndefu za rangi, nilimsimamisha mlangoni nikampa mkasi. Alikata. Tumeheshimiana tangu hapo.

Mitungi ilikuwa miwili. Mkubwa ulikaa chini ya sikio kulipoza, maana bila baridi lile sikio ni kiziwi. Mdogo ulikaa pembeni, na shingoni mwake ulitoka mpira mwembamba ulioingia ndani ya kijumba cha risasi. Huo mdogo ndio watu wengi hawakuuelewa. Kuna hewa inaitwa radoni, inatoka kwenye udongo na mawe, haina rangi wala harufu, inapenya hata kwenye ufa wa unywele. Ikiingia kwenye kijumba inaleta kelele zile zile tulizozizuia kwa matofali. Kwa hiyo mvuke wa naitrojeni kutoka mtungi mdogo ulipita kwenye mpira, ukajaza kijumba, ukaifukuza radoni. Ukiutazama mtungi wenyewe utasema haufanyi kazi. Umekaa tu, unapumua.

Gari lililotuletea naitrojeni lilikuwa pia linamletea bwana mifugo, Tumaini, kwa sababu mbegu za madume ya ng'ombe zinatunzwa humo humo. Wafugaji wa huku juu wanajua: ng'ombe wa maziwa wanapandishwa kwa mrija, na ile mbegu mtungi ukikauka imekufa. Tumaini alikuwa akipanda na pikipiki, mtungi ameufunga nyuma kama abiria.

"Mama Manka, bado mnahesabu nyota?"

"Bado. Na wewe bado unaoa kwa niaba ya madume?"

"Kazi ni kazi, mama. Hata hawanialiki harusini."

Tulikaa hivyo miaka. Nilimwona Profesa akitupa vipimo vya miezi kwa sababu ya tone moja la shaka, na nilimwona akimwomba radhi mfagiaji kwa kumkatiza salamu. Alikuwa mgumu na hakuwa mkali. Mkali nilikuwa mimi, na alinitumia hivyo. Mtu akija na maandazi ndani ya chumba cha kijumba, Profesa alikuwa haongei, alikuwa ananiita.

Kisha ikaja zinki. Ni zinki hii hii ya kupaka mabati, hakuna cha ajabu. Profesa alikuwa ameisubiri kuliko kitu kingine. Tangu ujana wake alikuwa na hesabu za zinki ya nyota, na hesabu zile zilikosa kitu kimoja: ile namba ya wepesi wa kumeza, iliyopimwa vizuri. Wenzake wa ng'ambo walikubali kulisha kipande kwenye mashine yao, kwa nyutroni zenye joto la ndani ya nyota, na kukileta Moshi.

Wakati huo huo akaanza kukonda. Alishuka hospitali mjini, akarudi, akatusimamisha mimi, Upendo na mlinzi wetu Aminieli pale ghalani.

"Ni saratani," alisema. "Iko kwenye kongosho. Wameniambia hawatapasua."

Aminieli alivua kofia.

"Zinki inakuja. Kuihesabu vizuri ni miezi. Nami, wanavyosema, ninayo hiyo miezi, siyo mingi zaidi. Ningependa kuiona namba. Basi, hilo tu."

Kipande kilikuja kidogo kama kifungo cha shati. Tukakiweka ndani ya kijumba, nikajaza mitungi, Upendo akaanzisha kuhesabu. Profesa alikuja kila siku mpaka miguu ikakataa kupanda kile kilima cha mwisho, akabaki nyumbani, na Upendo akawa anampelekea habari.

Ndipo Manka wangu akajifungua kule Rau. Kwetu mzazi hutunzwa miezi mitatu. Hatoki, hashiki jembe, analishwa mtori na maziwa na supu mpaka mwili urudi, na anayemtunza ni mama yake. Nilitaka nimpeleke dada yangu, lakini Profesa aliposikia akanitumia maneno: nenda kalee mzazi, zinki haijifungui. Nilimkabidhi Aminieli mitungi yote miwili, Upendo akiwepo. Aminieli alikuwa mtu mzima, mfugaji, mwenye mikono mizuri. Aliambiwa mkubwa unapoza sikio na mdogo unafukuza hewa mbaya. Alielewa kama wengi wetu tunavyoelewa habari ya hewa mbaya. Unafungua dirisha ukipata nafasi, na usipofungua siku moja hakuna anayekufa.

Nilirudi nikakuta kuhesabu kumekwisha. Nilitegemea kukuta watu wana furaha. Nilimkuta Upendo amekaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani.

"Shikamoo, Mama Manka."

"Marahaba. Mbona uko hivyo? Namba haijatoka?"

"Imetoka. Njoo uone."

Alinionyesha mstari unaopanda na kushuka kama vilima. Zinki ile ina kilima kimoja tu. Jirani yake kabisa kuna kilima kingine kidogo, cha uzao wa radoni, na kwa kuwa sikio letu lilikuwa limezeeka, vilima vile viwili viliegemeana kama nyumba zilizotumia ukuta mmoja. Siku zote kile cha radoni kilikuwa chini, hakisumbui. Safari hii kilikuwa kimesimama.

"Nimeangalia na sehemu nyingine ambako radoni huonekana," alisema. "Kote imepanda. Haikupanda moja kwa moja. Inapanda, inashuka, inapanda tena. Mtungi mdogo ulikuwa unajazwa?"

"Mimi sikuwepo. Aminieli anasemaje?"

"Anasema alijaza."

Nikatoka. Aminieli alikuwa langoni, anachambua majani ya mgomba ya ng'ombe wake.

"Aminieli."

"Shikamoo, Mama Manka! Mjukuu hajambo?"

"Marahaba, hajambo. Mtungi mdogo ulikuwa unakaa mtupu?"

Akaacha majani.

"Nani kasema?"

"Sijakuuliza nani kasema."

Yakatoka yote pamoja. Masika ile barabara ilikatika, gari la naitrojeni likawa linachelewa. Tumaini alikuja na mtungi wake umebaki mvuke, mbegu za vijiji vyote vya juu zikiwa ndani, na kuna wajane waliokuwa wanangojea ndama huo mmoja kama mshahara wa mwaka.

"Ule mkubwa sikuugusa, nakuapia. Nilichota mdogo, nikampa. Mama, ule unapumua tu! Naitrojeni inakwenda hewani bure, ni kama kutazama maziwa yanamwagika. Nikasema lori likija nitaujaza, na nilikuwa naujaza."

"Mara moja?"

"Kila lilipochelewa."

"Na ukasema umejaza."

"Nilijaza. Baadaye."

Upendo alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu. Aminieli akamwona, sauti ikamshuka.

"Dokta, yule mzee anakufa. Mnajua anakufa. Mwacheni afe na namba yake. Nifukuzeni mimi, lakini yeye msimwambie."

Nilitaka kusema, nikamwona Upendo anafikiri, nikamwachia.

"Ninaweza kuiondoa ile radoni kwa hesabu," alisema taratibu. "Nimeshajaribu. Lakini ni kukisia juu ya kukisia. Halafu nikae mbele yake nimwambie nimepima." Akafuta macho kwa kiganja. "Siwezi, Aminieli. Angenisoma usoni."

"Ng'ombe wamepata mimba," nikamwambia Aminieli. "Sasa vaa viatu, twende kwake."

Njiani alichepuka kwenye mpaka wa shamba la mtu, akachuma jani la isale. Mnaotoka mbali, isale ndilo jani letu la kuombea msamaha, na mtu akikujia nalo huwezi kumfukuza. Sikumwambia kitu. Lilikuwa ndilo jambo la kwanza sawasawa alilofanya.

Profesa alikuwa sebuleni, wamemtengenezea kitanda karibu na dirisha. Mkewe, Mama Doreen, alikuwa anamnywesha uji. Tulisalimu. Aminieli alipiga goti, akamtolea lile jani kwa mikono miwili, akaeleza. Hakupunguza chochote, hilo nitamshuhudia. Profesa alilipokea, akaliweka juu ya blanketi.

"Wajane wangapi wamepata ndama?" aliuliza.

"Sijui hesabu yao, Profesa. Wengi wana mimba."

"Vizuri. Haya, ya kati yangu na wewe yamekwisha. Inuka." Akamgeukia Upendo. "Namba imetoka ngapi?"

"Profesa, imeharibika, hata haina..."

"Nimesikia imeharibika. Imetoka ngapi?"

Upendo akaitaja. Profesa alifumba macho, akakaa hivyo muda, mpaka Mama Doreen akaweka bakuli chini akamshika mkono. Alipofumbua alimwangalia yeye kwanza, kisha sisi.

"Itupeni. Zinki bado ina nguvu, inaisha polepole. Anzeni upya Jumatatu."

"Baba Doreen," mkewe akasema. "Miezi yote hiyo tena? Na wewe utakuwepo?"

"Sitakuwepo."

"Sasa?"

"Sasa waanze Jumatatu." Akavuta pumzi. Maneno yalikuwa yanamgharimu. "Nani atajaza mtungi mdogo?"

"Mama Manka," alisema Upendo.

"Hapana. Mama Manka ana mkubwa wake. Mdogo ni wa Aminieli. Na bwana mifugo mtafutieni pipa la akiba yake likae stoo, agonge mlangoni aombe, asichote pembeni."

Tulirudi. Kwenye kile kilima Aminieli alikaa juu ya jiwe akalia kama mtoto, na nilimwacha alie, kisha nikamwambia ng'ombe wake wana njaa.

Tulianza Jumatatu. Sikumbuki kazi iliyofanywa kwa uangalifu kama ile. Aminieli alikuwa anaupima mtungi mdogo kwa kijiti asubuhi na jioni, na gari likichelewa alikuwa anakaa barabarani kulingoja kana kwamba ndani kuna ndugu yake. Tumaini alikuwa akija anagonga, anaomba, anapewa, anaondoka bila utani. Mimi nilikuwa nikipita kwa Profesa nikitoka kazini. Alikuwa haongei sana tena. Alikuwa ananiuliza neno moja, "Kimya?" Nami namjibu, "Kimya kipo, Mwalimu." Analala.

Alikufa kabla ya kuhesabu kwisha. Tulikuwa tunajua itakuwa hivyo, na kujua hakukusaidia.

Tulimzika kihambani kwake, kati ya kahawa na migomba, watu wamejaa mpaka kwenye mfereji. Kwaya iliimba vizuri. Kwetu wanaume wa karibu ndio wanaofukia, na Aminieli alikuwa kwenye sepetu tangu mwanzo. Jua liliposogea nikajua saa ya mtungi mkubwa imefika. Nikainuka. Shemeji yake Profesa, mwanamke mkubwa wa pale, akanishika kanga.

"Unakwenda wapi na udongo haujaisha?"

"Kazini."

"Kazini! Mama Manka, leo? Hata leo?"

"Kazi ni ya kwake huyu."

Akaniachia, lakini alinisema, na wengine walinisema, na wako wanaonisema mpaka leo. Wana haki. Mimi mwenyewe ningemsema mtu wa hivyo.

Nilipofika ghalani nilikuta mlango umefunguliwa. Nje ya kizingiti kulikuwa na viatu vya mwanaume, vimejaa udongo mwekundu wa kaburi. Udongo hauruhusiwi mle ndani, na alikuwa ameviacha nje. Aminieli alikuwa amesimama soksi tupu mbele ya mtungi mdogo, suruali ya msibani imekunjwa, anamimina. Alikuwa amenitangulia kwa njia ya mkato. Nilivaa glavu nikajaza wa kwangu. Tulipomaliza tulirudi wote, tukakuta wanaweka mashada.

Matanga yalianuliwa, kahawa ikavunwa, na bado tulikuwa tunahesabu. Upendo hakutaka kukata mapema, ingawa kule ng'ambo walishaanza kuuliza. Siku alipozima, alifanya hesabu zake peke yake, akarudia, akatuita. Akasema twende kwa Mama Doreen, ni haki yake kusikia kwanza. Tukashuka watatu.

Mama Doreen alitupikia chai ya maziwa. Alikuwa bado amevaa nyeusi. Upendo alisubiri mpaka vikombe vikajaa, ndipo akamwambia.

"Mama, namba imetoka. Safari hii ni safi. Radoni imekaa chini mwanzo mpaka mwisho." Akaitaja. Sitaiandika hapa, iko kwenye makaratasi yake, na kwangu mimi ni tarakimu tu.

Mama Doreen alikuwa ameshika birika. Akaliweka.

"Ni ndogo kuliko ile ya kwanza," alisema.

"Ndiyo. Ile radoni ilikuwa imeipandisha." Upendo akasita. "Mama, hatujui kama ndiyo aliyoitegemea. Alikuwa hatuambii. Alikuwa anasema mtu akijua namba inayotakiwa, macho yake yataanza kuitafuta."

"Mimi aliniambia."

Sote tukamwangalia.

"Tangu tukiwa wachumba. Alikuwa ameifanyia hesabu mwenyewe, akaniambia siku moja wataipima na itakuwa kiasi hiki. Mimi naijua kama ninavyojua siku za kuzaliwa za wanangu." Alikunja kitambaa cha meza kwenye kona, akakikunjua. "Ilikuwa ile ya kwanza. Ile mliyokuja nayo na isale."

Aminieli akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo siku ile," alisema Upendo, "nilipoitaja..."

"Aliijua."

Nje ng'ombe alilia, mtu akamnyamazisha kwa majani. Aminieli alikuwa ameinama, kichwa karibu na magoti. Mama Doreen alimtazama kwa muda mrefu, kisha akachukua kikombe chake akamwongezea chai, akakisogeza mbele yake.

"Na hii ya leo," akamuuliza Upendo, "una hakika nayo?"

"Nina hakika nayo, Mama."

"Basi waandikie wenzake. Waandikie alikosea." Akaketi. "Na jina lake liwe la kwanza."

Upendo alitoa kompyuta kwenye begi, tukasogeza vikombe kumpa nafasi, akaanza kuandika pale pale mezani.